Kichwa kilichomezwa: Enta ya mwisho kwenye vihariri vya muhtasari

SWALI

Hujambo mwalimu. Nimeandika kwa Python kihariri kidogo cha muhtasari. Kila kichwa huanza kwa nyota, na mtumiaji anaweza kufunga tawi, kulifungua, kulipandisha au kulishusha. Makatibu wa vyama kadhaa hapa Roysambu na Kasarani wanakitumia kuandikia kumbukumbu za mikutano. Sasa nina malalamiko matatu. Katibu mmoja alipandisha kichwa cha mwisho, na kichwa kilichokuwa juu yake kikapotea. Mwingine anasema herufi ya mwisho ya waraka wake inamezwa. Wa tatu ni mwenzangu tunayeandika naye programu: Git, mfumo tunaotumia kufuatilia mabadiliko ya msimbo, inamwonyesha kuwa mstari wa mwisho umebadilika ilhali hajaugusa. Nimegundua yote hutokea kwenye faili ambazo hazina Enta mwishoni. Je, niwaambie watu wabonyeze Enta kabla ya kuhifadhi, ama programu iiongeze yenyewe? Na ni halali programu kubadilisha faili ya mtu bila kumwuliza?

— Dada mwanaprogramu, Roysambu

JIBU

Sijambo sana, dada. Usimwambie mtu yeyote abonyeze Enta. Katibu wa chama ana michango ya kukusanya na wanachama wa kukumbusha. Si kazi yake kujua faili imeishia na baiti gani. Kosa liko kwenye programu, na ni moja tu, ingawa limekutokea kwa sura tatu.

Nianze na hilo la kichwa kupotea, maana ndilo linaloharibu kazi ya watu. Chukua faili hii, ambayo mstari wake wa mwisho hauna Enta:

    * Akiba
    Kila mwanachama elfu mbili.
    * Mikopo
    Riba asilimia kumi.
    * Mengineyo
    Mkutano ujao Jumamosi

Katibu anaamua Mengineyo ikae juu ya Mikopo. Programu yako inakata kila kitu kuanzia nyota ya Mengineyo hadi mwisho wa faili, halafu inakibandika mbele ya nyota ya Mikopo. Kinachotoka ni hiki:

    * Akiba
    Kila mwanachama elfu mbili.
    * Mengineyo
    Mkutano ujao Jumamosi* Mikopo
    Riba asilimia kumi.

Kipande kilichokatwa kiliishia kwenye herufi i ya Jumamosi. Hakikuja na Enta yake, basi nyota ya Mikopo ikagandana nayo. Kichanganuzi chako hutambua kichwa kwa nyota iliyo mwanzoni mwa mstari; nyota iliyo katikati ya mstari kwake ni maandishi tu. Hakuna herufi hata moja iliyofutwa, lakini kichwa cha Mikopo hakipo tena, na riba imehamia chini ya Mengineyo. Kama tawi la Mengineyo lilikuwa limefungwa, katibu haoni lolote ila kwamba ajenda nzima ya mikopo imetoweka. Akijaribu kulishusha Mengineyo lirudi lilikotoka, halishuki, kwa sababu chini yake hakuna kichwa kingine.

Sasa utazame mwisho wa hiyo faili iliyoharibika. Mstari wa riba ulikuwa na Enta yake tangu mwanzo, na sasa ndio wa mwisho. Kwa hiyo faili mbovu ina mwisho mzuri kabisa! Katibu akikutumia uichunguze, utakuta Enta ipo, utaamua hitilafu inatoka kwingine, na utamaliza jioni nzima ukipekua msimbo wa kufunga na kufungua matawi. Tendo lile lile lililoleta hasara limefuta ushahidi. Hitilafu za aina hii hukaa kwenye programu miaka mingi kwa sababu hiyo hasa.

Mzizi wake uko kwenye namna tunavyoielewa Enta. Wengi wetu tunaichukulia kama mkato kwenye orodha ya sokoni: unga, sukari, chumvi, na baada ya chumvi hakuna mkato. Kwenye mapokeo ya Unix, Enta ni nukta: kila sentensi ina yake, na ya mwisho pia. Kanuni za POSIX, yaani viwango vya mifumo ya aina ya Unix, zinaeleza kuwa mstari ni herufi sifuri au zaidi, pamoja na alama moja ya kumaliza mstari. Herufi zilizobaki mwishoni bila alama hiyo hazihesabiwi kuwa mstari. Zinaitwa mstari usiokamilika. Ndiyo sababu ukipitisha faili yetu ya kwanza kwenye `wc -l`, amri ya kuhesabu mistari, utaambiwa 5, hali macho yako yanaona mistari sita. Ukiunganisha faili mbili kwa `cat`, mstari wa mwisho wa ya kwanza na wa kwanza wa ya pili hugandana vile vile kama Jumamosi na Mikopo. Cron ya Debian, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, hukataa kabisa kusakinisha ratiba ambayo mstari wake wa mwisho hauna Enta. Hata lugha ya C ilitaka faili ya msimbo iishie na alama hiyo, sharti ambalo C++ ililiacha katika toleo la mwaka 2011.

Lakini dunia haiishi kwenye Unix peke yake. Notepad ya Windows huhifadhi faili kama ulivyoiacha, na VS Code pia, isipokuwa umewasha `files.insertFinalNewline`. Vim na nano, vihariri vya kawaida kwenye Linux, huongeza Enta vyenyewe bila kuuliza. Kwa hiyo kumbukumbu zilizoandikwa kwenye kompyuta yako zitakuwa salama, lakini zikitoka kwa flashi zikapitia saiba ya mtaa wa Tom Mboya, au zikinakiliwa kutoka WhatsApp zikabandikwa kwenye Notepad, zitarudi bila Enta. Nawe kama unafanyia majaribio faili ulizoziandika kwa Vim, hitilafu hii hutaiona mpaka siku ya kiyama.

Lalamiko la pili, la herufi kumezwa, ni mtego wa Python yenyewe. Sijauona msimbo wako, ila tafuta mahali palipoandikwa kitu kama hiki:

    mwisho = matini.find("\n", mwanzo)
    mstari = matini[mwanzo:mwisho]

Hiyo `\n` ndiyo Enta kwa lugha ya Python. `find` isipopata inachotafuta hurudisha -1. Kwenye kukata mfuatano wa herufi, -1 maana yake ni "ishia kabla ya herufi ya mwisho". Basi mstari wa mwisho usio na Enta unakatwa mkia: Jumamosi inakuwa Jumamos. Mtu akifungua tena na kuhifadhi tena, inakuwa Jumamo. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna programu kuanguka. Mimi ningeanza kurekebisha hapa leo hii, kabla ya hilo la vichwa, kwa kuwa kichwa kilichogandana kinaweza kutenganishwa lakini herufi iliyoliwa hairudi.

Tuje kwenye tiba. Wazo la kwanza humjia kila mtu: kwenye funksheni ya kupandisha tawi, angalia kama kipande kina Enta, na kama hakina uiongeze kabla ya kubandika. Si wazo la kudharau. Kihariri cha Emacs ndivyo kinavyofanya. Ukifungua msimbo wa Org, sehemu yake ya muhtasari ambayo Carsten Dominik aliianzisha mwaka 2003, utakutana na msemo `(or (bolp) (insert "\n"))`, yaani kama kishale hakiko mwanzoni mwa mstari, weka mstari mpya. Taabu yake ni kwamba kila anayeandika funksheni mpya lazima aukumbuke. Leo ni kupandisha na kushusha. Kesho utaongeza kunakili tawi, kupanga vichwa kwa alfabeti, kuunganisha faili mbili, kuhamisha tawi kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Utasahau mahali pamoja, na hapo ndipo katibu wa Kasarani atakapopita.

Kihariri chako bado ni kidogo, kwa hiyo una nafasi ambayo Emacs haina: simamisha mlinzi langoni. Weka kanuni kwamba ndani ya kumbukumbu (memori) ya programu kila mstari unaishia na Enta, wa mwisho ukiwemo, bila ubaguzi. Faili inapoingia, irekebishe hapo hapo, na ukumbuke kwamba ilikuja bila Enta:

    def soma(njia):
        with open(njia, encoding="utf-8", newline="") as f:
            matini = f.read()
        mwisho = "\r\n" if "\r\n" in matini else "\n"
        ilikosa = matini != "" and not matini.endswith("\n")
        if ilikosa:
            matini += mwisho
        mistari = [m + "\n" for m in matini.split("\n")[:-1]]
        return mistari, mwisho, ilikosa

    def hifadhi(njia, mistari, mwisho, ilikosa):
        matini = "".join(mistari)
        if ilikosa:
            matini = matini.removesuffix(mwisho)
        with open(njia, "w", encoding="utf-8", newline="") as f:
            f.write(matini)

Hiyo `newline=""` usiiondoe. Bila hiyo Python hugeuza kimyakimya alama za Windows, ambazo ni herufi mbili, kuwa moja, na wakati wa kuandika inafuata desturi ya kompyuta iliyopo. Mtu wa Windows na mtu wa Linux wakipokezana faili, kila mstari utaonekana umebadilika. Pia angalia kwamba ninaongeza `mwisho`, yaani alama ambayo faili yenyewe inatumia. Ukibandika `\n` tupu kwenye faili ya Windows utakuwa umechanganya desturi mbili ndani ya faili moja. Na unapochora kichwa kwenye skrini, kipitishe kwanza kwenye `rstrip("\r\n")`, usije ukaonyesha alama isiyoonekana.

Kwa nini sikutumia `splitlines`? Kwa sababu mbili. Inatoa orodha ile ile kwa faili yenye Enta mwishoni na isiyo nayo, kwa hiyo taarifa tunayoitaka inapotea kabla hujaiona. Halafu inakata hata kwenye alama nyingine, kama ile ya ukurasa mpya na ile ya Unicode nambari U+2028, ambayo huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Ukiunganisha tena kwa `"\n".join`, umebadilisha maandishi ya mtu. `split("\n")` haina mambo mengi. Kwa kuwa tumeshahakikisha Enta ipo, kipande cha mwisho ni tupu siku zote, na `[:-1]` inakitupa. Faili tupu nayo inatoa orodha tupu, bila kuandikiwa sharti la peke yake.

Kuna njia mbili za mkato ambazo lazima utapendekezewa. Moja ni kuandika `matini + "\n"` kila unapohifadhi. Faili itarefuka kwa mstari mmoja mtupu kila mara, na baada ya mwezi katibu atakuuliza kwa nini kumbukumbu zake zina ukurasa mweupe mwishoni. Nyingine ni `matini.rstrip("\n") + "\n"`, ambayo hufuta mistari mitupu ambayo mtu ameiacha kwa makusudi. Wapo watu ambao huacha nafasi mwishoni ili wajaze kwa kalamu baada ya kuchapisha.

Sasa nikujibu swali la uhalali, na hapa utofautishe aina mbili za faili. Muhtasari wenye vichwa vya nyota ni muundo wa programu yako. Wewe ndiye unayeamua faili halali inafananaje. Kwa hizo, weka `ilikosa` kuwa uongo na uhifadhi Enta siku zote, ukaeleze kwa sentensi moja kwenye ukurasa wa msaada. Huna haja ya kumwuliza mtu. Lakini kama unaruhusu watumiaji kuingiza ndani ya mti faili za watu wengine, kama msimbo au data ya CSV, hizo zirudishe kama zilivyokuja. Kuna mifumo huko nje inayolinganisha faili baiti kwa baiti, na hujui ni ipi.

Katika hilo la kukumbuka, usiihifadhi alama ya `ilikosa` ndani ya tawi. Kukosa Enta ni sifa ya faili. Tawi la Mengineyo likihama kutoka mwisho wa waraka hadi katikati, halina sababu ya kuhama na upungufu ule, maana lililobaki mwishoni sasa ni lingine. Kihariri cha muhtasari kiitwacho Leo, cha Edward K. Ream, kiliwahi kuingia kwenye mashaka haya. Huandika mti wa matawi ndani ya faili ya msimbo kwa kuweka maoni maalumu, mathalani `#@+node`, kabla ya kila tawi. Maoni hayo lazima yaanze mstari wao, kwa hiyo maandishi ya tawi yasipokuwa na Enta, Leo lazima iiweke. Wakati wa kusoma tena, itajuaje kama Enta ile ni ya mwandishi au ni yake yenyewe? Matoleo ya zamani yaliongeza maoni mengine, `@nonl`, ya kusema kwamba hapa hapakuwa na Enta. Faili zikajaa vialama ambavyo hakuna binadamu aliyevitaka. Bora kanuni moja kwa waraka mzima.

Utaambiwa pia uachane na maandishi matupu uhamie kwenye XML, mathalani OPML, muundo wa faili za muhtasari, ambayo huweka kila tawi ndani ya kitambulisho chake. Ni kweli vichwa havitagandana. Lakini OPML huweka maandishi ya tawi kwenye sifa za kitambulisho, na kanuni za XML zinataka Enta iliyo ndani ya sifa isomwe kama nafasi, isipokuwa imeandikwa `
`. Utakuwa umehamisha tatizo. Tena katibu hataweza kufungua kumbukumbu zake kwenye simu na kuzisoma hivi hivi.

La Git halihitaji maneno mengi. Kompyuta moja inaongeza Enta, nyingine inaiondoa, na Git inahesabu hayo kuwa mabadiliko ya mstari mzima. Ndipo unapouona ule ujumbe wa `\ No newline at end of file`. Wekeni faili ya `.editorconfig`, inayoviambia vihariri vyenu vifuate desturi moja, yenye `insert_final_newline = true`, kisha rekebisheni faili zote mara moja. Kwenye Linux amri ni `sed -i -e '$a\' *.txt`, ambayo huongeza Enta pale tu inapokosekana. Mabadiliko hayo yahifadhiwe peke yake kwenye historia, yasichanganywe na kazi nyingine.

Mambo mawili ya skrini. Enta uliyoiongeza wakati wa kusoma isihesabiwe kuwa tendo la mtumiaji: isiingie kwenye orodha ya kutengua, na programu isimwulize kama anataka kuhifadhi hali hajaandika kitu. La pili, amua kama mwisho wa waraka utaonyesha mstari mtupu chini ya Enta ya mwisho, kama VS Code, au utauficha, kama Vim. Mimi ningeuficha. Katibu akiona mstari mtupu ataufuta, nawe utaurudisha, mtakaa hivyo.

Majaribio usiyaandike kwa faili nzuri. Andaa faili tupu, faili yenye Enta pekee, faili yenye kichwa kisicho na maandishi wala Enta, faili ya Windows, na faili inayoishia na mistari mitatu mitupu. Kwa kila moja, soma kisha uhifadhi bila kugusa, na baiti zifanane, ila muhtasari uliokuja bila Enta uongezeke Enta hiyo tu. Halafu pandisha kila tawi na ulishushe tena. Baiti zifanane vivyo hivyo. Jaribio hilo la pili ndilo lingekuonyesha Mikopo ikimezwa kabla katibu hajaiona.

Zimebaki faili ambazo zimeshaharibika. `tail -c1`, inayoonyesha baiti ya mwisho ya faili, haitakusaidia, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Tafuta nyota zilizo katikati ya mstari:

    grep -nE '[^*]\*+ ' kumbukumbu.txt

Itakuletea na visivyohusika: hesabu ya faini iliyoandikwa 3 * 500, au neno lililokolezwa kwa nyota. Ndiyo maana sikushauri uandike skripti ya kuzitenganisha yenyewe. Mashine haiwezi kujua ipi ilikuwa kichwa na ipi ni kuzidisha, lakini aliyeandika kumbukumbu anajua akiona tu. Mwonyeshe mistari hiyo, aweke kishale kabla ya nyota, abonyeze Enta, ahifadhi. Ila wape kwanza toleo jipya la programu ndipo muanze kusafisha, la sivyo faili mtakazozitengeneza asubuhi zitagandana tena jioni.